Madoa ya Papa Potwe Hutangulia Rangi

Anayetaka kuchora viumbe kwa penseli za rangi aamue mahali pa weupe kabla hajagusa rangi nyingine yoyote. Sababu imo ndani ya penseli yenyewe: ni unga wa rangi ulioshikwa na nta au mafuta, nao hauzibi karatasi kabisa. Mwanga hupenya tabaka zake nyembamba, hugonga karatasi na kurudi machoni. Kwa mchoraji wa Baleni, kisiwani Mafia, kielelezo bora kiko bahari ya Kilindoni, ambako papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Mgongo wake wa kijivu cha buluu una madoa meupe yaliyojipanga safu kwa safu, na mistari hafifu ikipita katikati. Mpangilio huo haufanani kwa papa wawili, kama alama za vidole. Watafiti huwatambua kwa picha za ubavu nyuma ya mashavu, wakitumia programu ambayo hesabu zake zilibuniwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha nyota. Kwa hiyo anayetawanya madoa ovyo amechora papa ambaye hayupo.

Chukua kalamu ya Bic iliyokwisha wino, uweke karatasi juu ya gazeti, kisha ukandamize kila doa dogo mpaka karatasi ibonyee. Madoa makubwa yazungushie mstari mwepesi. Sasa pitisha buluu hafifu kwa mkono mwepesi, ukifuata mviringo wa mwili. Ncha itaruka juu ya vishimo na weupe utabaki. Juu yake weka kahawia kidogo, halafu buluu iliyokoza. Nyeusi iache: buluu na kahawia zikikutana hutoa kijivu chenye uhai, ilhali nyeusi peke yake huufanya mwili uwe bapa. Penseli za bei nafuu za shuleni zina rangi kidogo na nta nyingi, lakini nazo hufaa ukizidisha tabaka badala ya nguvu ya mkono. Ukikandamiza mapema, nta hujaa na karatasi haipokei tena.

Wapo watakaouliza kwa nini madoa yasiwekwe mwishoni, kama wafanyavyo wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta inayofunika kabisa, ndiyo maana nukta nyeupe ilikaa vizuri juu ya rangi iliyokauka. Penseli nyeupe juu ya buluu huzaa buluu iliyofifia tu. Kalamu ya wino mweupe inaweza kuokoa doa moja lililosahaulika; ikitumika mgongo mzima, madoa huelea juu ya ngozi badala ya kuwa sehemu yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kupanga mapema hukausha mchoro, kwa kuwa maumbile hayana rula. Ni kweli hayana, na ndiyo sababu madoa yapimwe kwa jicho, yawe madogo kichwani na makubwa zaidi mgongoni, huku safu zikipinda pamoja na ubavu. Wasukaji wa mikeka ya ukindu wanaijua kazi hii: rangi hupikwa na kuingizwa kwenye ukindu kabla ya kusuka, na urembo huamuliwa pale msukaji anapochagua upi wa rangi na upi mweupe. Hakuna anayeuona mkeka wao kuwa mkavu.