Ndoo Kumi za Mchicha: Faida Iko Wapi?

Inasemwa mara nyingi kwamba kulima mboga kwenye ndoo hupunguza matumizi ya jikoni. Dai hilo linapimika. Tuchukue kaya ya watu watano jijini Dar es Salaam, yenye ndoo kumi za lita 20 kibarazani. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Msomaji aweke za mtaani kwake na kurudia hesabu.

Tuanze na eneo. Mdomo wa ndoo ya lita 20 una upana wa sentimita 30 hivi, yaani mita za mraba 0.07. Ndoo zote kumi ni mita za mraba 0.7, eneo lisilofikia nusu ya ubao wa mlango. Mchicha wa kung'oa huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Tukikadiria kilo mbili kwa mita ya mraba kila mwezi, na hapo tumemhesabu mkulima makini asiyeshambuliwa na wadudu, mavuno ni kilo 1.4.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano ni kilo 60 kwa mwezi. Ndoo kumi zinatoa asilimia 2.3 ya kiasi hicho.

Sasa thamani. Fungu la gramu 250 likiuzwa shilingi 500 gengeni, kilo 1.4 ni mafungu matano na nusu hivi: shilingi 2,800.

Upande wa gharama, ndoo zilizotumika kwa shilingi 3,000 kila moja ni 30,000. Viroba vinne vya udongo na samadi ni 20,000, na mbegu za kuanzia 4,000. Jumla ni 54,000. Plastiki ikidumu juani miaka mitatu, hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ongeza 1,000 za samadi na mbegu za kila mwezi: 2,500 kabla ya kumwagilia.

Ndoo moja juani ikipewa lita moja kwa siku, ndoo kumi zinahitaji lita 300 kwa mwezi, sawa na madumu 15. Dumu likiwa shilingi 50 kwenye bomba la jirani, maji ni 750 na jumla ya gharama ni 3,250: hasara ya 450. Dumu likiletwa na mkokoteni kwa shilingi 500, maji pekee ni 7,500, na kaya inatumia 10,000 kupata mchicha wa 2,800.

Mvua nayo haitoshi. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,100 kwa mwaka. Juu ya mita za mraba 0.7 hizo ni lita 770, asilimia 21 ya mahitaji, na sehemu kubwa hunyesha wakati wa masika, udongo ukiwa tayari umelowa.

Ndoo zikiwa za bure, gharama hupungua kwa shilingi 833. Kwa maji ya bei nafuu, hasara inageuka faida ya 383. Lakini dakika 15 za kumwagilia na kupalilia kila siku ni saa saba na nusu kwa mwezi: shilingi 51 kwa saa.

Umbo la chombo hubadilisha hesabu. Gunia lenye kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha 80, likitobolewa pembeni na kupandwa miche, lina mita za mraba 1.1 za kupandia. Nusu ya ubavu ikikosa jua, bado zinabaki 0.6, karibu sawa na ndoo kumi, kwa udongo wa lita 100 badala ya 180. Bustani za aina hii zinafahamika sana Kibera, Nairobi.

Zao nalo lina uzito wake. Fungu la giligilani la gramu 50 kwa shilingi 300 ni 6,000 kwa kilo, mara tatu ya mchicha, na mpishi anayehitaji vijiti viwili hulazimika kununua fungu zima. Ndoo mbili za giligilani hutaka lita mbili kwa siku, kiasi ambacho maji ya kuoshea mchele na mboga hukidhi bila kununua hata dumu moja. Gharama iliyobaki ni shilingi 500 kwa mwezi, na mafungu mawili yasiyonunuliwa yanailipa.