Riziki ya Wasanii wa Mpakani

Kabla ya kituo cha pamoja cha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuzinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, msafiri alikaguliwa mara mbili, kwanza katika nchi aliyoiacha na kisha katika nchi aliyoiingia, na malori yaliyopanga foleni barabarani yaliwapa riziki wauza chai, wakaanga chapati na wenye nyumba za wageni. Wanaousifu wepesi wa sasa wana haki. Ila mpita njia asiyengoja hanunui sahani ya wali, na mji uliozoea kula katika ucheleweshaji wa watu hauna budi kuwatafutia wageni wake sababu nyingine ya kukaa. Sababu hiyo, kwa maoni yangu, wanayo wasanii, ingawa katika bajeti za miji hutajwa mwisho, baada ya mitaro na taa, kama wakitajwa.

Tazama baraza ya ajon kwa Wateso, kaumu ambayo mpaka uliosogezwa na Waingereza mwaka 1902 uliigawa, wengine wakahesabiwa wa Tororo, upande wa Uganda, na wengine wa Busia, upande wa Kenya. Chungu cha pombe hiyo ya wimbi huwekwa katikati, maji ya moto huongezwa kutoka katika birika kila kinapopungua, na wazee hukizunguka wakiwa na mirija mirefu. Kando yao huketi wapiga akogo, ala ya kisanduku cha mbao yenye ndimi za chuma zibonyezwazo kwa vidole gumba, kubwa ikiitikia kwa sauti nzito na ndogo ikitangulia. Ujira wa wapigaji ni kijisehemu tu cha hesabu, maana mkulima amekwisha kuuza wimbi wake, mama mpika pombe ana chake, mfinyanzi chake, seremala aliyechonga visanduku chake, na boda boda atakayewarudisha wageni usiku hana haja ya kujua wimbo hata mmoja ili afaidike nao.

Lakini tunda la sanaa si lazima limrudie aliyelipanda. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, huwaletea faida wenye hoteli, boti na mikahawa ya Mji Mkongwe. Na bado mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha za kuliendesha hazikupatikana.

Iko faida nyingine isiyopita dukani. Gregory Maloba, mzaliwa wa upande wa Mumias, ambako si mbali na Busia, alivuka mpaka akasoma sanaa katika Chuo cha Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, na ndiye aliyeiumba sanamu ya Uhuru iliyosimama katikati ya Kampala tangu mwaka 1962, ya mama anayemwinua mtoto wake juu. Mwana wa Kenya aliwapa Waganda taswira ya uhuru wao, wala hakuna afisa wa forodha aliyeweza kuithamini kwa shilingi.

Forodha inajua vikapu na mikeka: mchuuzi wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani yake isipozidi dola 2,000, huweza kupewa papo hapo cheti cha asili kilichorahisishwa, akasamehewa ushuru wa forodha. Wimbo hauna cheti cha namna hiyo. Mtunzi hulindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 upande mmoja na ya Uganda ya mwaka 2006 upande wa pili, na wakusanyao mirabaha ni vyama mbalimbali. Basi mwimbaji wa Busia ambaye sauti yake husikika usiku kucha katika baa ya Tororo hana budi kungoja senti zake zipite katika daftari mbili, ilhali wimbo wenyewe umekwisha kunakiliwa katika simu za nusu ya soko. Kwa ajili hiyo wengi huona heri harusi na matanga, ambako ujira hutakiwa taslimu kabla spika hazijapakiwa garini.