Floridi si ya meno pekee: Yabeba sumaku, umeme na mwanga

MSOMAJI anayesikia neno floridi huenda akakumbuka dawa ya meno, au meno yaliyogeuka rangi ya kahawia kwa baadhi ya wakazi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kutokana na maji yenye floridi nyingi. Katika maabara za fizikia, hata hivyo, neno hilo limebeba matumaini mengine: kupata kumbukumbu za kompyuta zisizotafuna umeme na kupata joto kama zilivyo za sasa.

Uhusiano wa floridi na mwanga si jambo geni. Mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza namna jiwe la florspa linavyong'aa kwa buluu linapopigwa na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Kutokana na jina la jiwe hilo akaupa mng'ao huo jina la fluoresensi, ambalo taa za tyubu za ofisini zimelirithi. Florspa ni muungano wa kalisi na florini, na ilichimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2016.

Fuwele zinazowashughulisha watafiti ni za aina nyingine. Huitwa maltiferoiki, jina lililotolewa mwaka 1994 na Hans Schmid wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi. Ndani ya fuwele moja hukutana tabia mbili: usumaku, na kuwa na ncha chanya na ncha hasi za umeme zinazoweza kugeuzwa. Iwapo tabia hizo zinashikana, kugeuza ncha za umeme kunaweza kugeuza pia sumaku, bila kupitisha mkondo mkubwa unaopotea kama joto.

Ugumu ni kwamba tabia hizo mbili hukataana. Mwanafizikia Nicola Spaldin alieleza sababu mwaka 2000. Katika fuwele nyingi zenye ncha za umeme, ioni ya metali husogea kando kidogo, jambo linalowezekana kwa urahisi pale ambapo tabaka fulani la elektroni zake ni tupu. Sumaku nayo huhitaji tabaka hilo hilo liwe na elektroni zisizo na wenza.

Hapo ndipo floridi zinapokuja na njia yao. Mwaka 1969 watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walitangaza familia ya fuwele za bariamu, florini na metali kama kobalti na nikeli, ambazo kadhaa kati yake hugeuzwa ncha kwa umeme. Katika familia hiyo metali haihitaji kusogea. Vizimba vya florini vinavyoizunguka ndivyo vinavyojizungusha, na bariamu ikahama nafasi yake. Metali hubaki na elektroni zake, na sumaku yake haiguswi.

Mwanga nao una kazi yake. Ioni ya manganizi iliyozungukwa na florini sita hufyonza mwanga na kutoa mwingine wa rangi ya chungwa au nyekundu. Kwa kuwa mitetemo ndani ya floridi ni hafifu kuliko ndani ya oksidi nyingi, nishati kidogo zaidi hupotea kama joto. Aidha, mwanga huo huathiriwa na namna ioni jirani zinavyopanga sumaku zao, hivyo mtafiti anaweza kuchungulia yanayoendelea ndani bila kuunganisha hata waya mmoja.

Kikwazo ni baridi. Floridi ya bariamu na manganizi hupanga sumaku zake inapofika karibu nyuzijoto 245 chini ya sifuri, na ile ya nikeli karibu 200 chini ya sifuri. Hakuna simu itakayofanya kazi hapo.

Ndiyo maana viwanda vimeelekeza macho kwa oksidi ya bismathi na chuma, ambayo hudumisha mpangilio wa sumaku zake hadi karibu nyuzi 370. Desemba 2018, watafiti wa kampuni ya Intel na wenzao walichapisha pendekezo la kifaa kinachotumia oksidi hiyo, wakikadiria kuwa nishati ya kukigeuza itapungua kwa mara 10 hadi 30. Kwa floridi, kazi iliyobaki ni kutafuta metali na mpangilio utakaostahimili joto la chumbani.