Ukavu wa uke baada ya hedhi kukoma una tiba

MAMA wa miaka 56 anayetoka mashamba ya mahindi ya Kitale, au Chwele kule Bungoma, hufika katika duka la dawa na kueleza jambo moja tu: mkojo unachoma. Hupewa viuavijasumu, akaenda zake. Baada ya majuma machache yu pale tena. Ukavu, mwasho na maumivu anapokutana na mumewe hayataji. Muuzaji mwenyewe ni kijana wa rika la mwanawe.

Aghalabu yote hayo yana chanzo kimoja. Wakati wa ukomohedhi (neno ambalo ni nadra kulisikia sokoni) ovari hupunguza mno homoni ya estrojeni, inayostawisha ngozi laini ya uke na njia ya mkojo. Ngozi hiyo hukonda na kukauka. Bakteria wanaoupa uke asidi ya kujikinga hupungua, na vijidudu vya maambukizi ya mkojo vikapata mwanya. Joto la ghafla mwilini mara nyingi hutulia miaka inavyosonga, lakini hali hii huzidi isipotibiwa. Si ishara kwamba mke amemchoka mumewe, wala kwamba ana mwingine.

Dalili zikiwa nyepesi, vilainishi visivyo na manukato huweza kutosha. Zikizidi, daktari huweza kuagiza estrojeni ya kiwango kidogo ya kutiwa ukeni, iwe krimu au kidonge: kwa kawaida kila usiku kwa majuma mawili, kisha mara mbili kwa juma. Nafuu huja polepole, na dawa ikiachwa dalili huweza kurejea.

Wengi hutishwa na karatasi iliyomo pakitini. Mwaka 2002, utafiti wa Marekani ulihusisha vidonge vya kumeza vyenye homoni mbili na saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Onyo likabandikwa hata kwenye dawa za ukeni, ambazo ni kiasi kidogo sana huingia katika damu. Novemba 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza hatua ya kuondoa sehemu kubwa ya onyo hilo.

Hata hivyo, aliyewahi kuugua saratani ya matiti amwone daktari kwanza. Naye anayetokwa na damu, hata tone, baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, asinunue krimu. Aende hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, achunguzwe mlango wa kizazi na mji wa mimba, kwani huenda ikawa ni saratani.