Jágr: Nyota Aliyerudi Kuibeba Klabu ya Nyumbani

Februari 18, 2024, klabu ya Pittsburgh Penguins ya Marekani ilistaafisha jezi namba 68 ya Jaromír Jágr, isivaliwe tena na mchezaji mwingine. Heshima hiyo kwa kawaida hupewa mchezaji aliyekwisha kustaafu. Jágr alikuwa ametimiza miaka 52 siku tatu kabla, na bado alikuwa akicheza hoki ya barafuni katika ligi kuu ya Jamhuri ya Czech.

Namba hiyo ina uzito kwa ukoo wake. Mwaka 1968 majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yaliivamia Czechoslovakia na kuzima mageuzi yaliyokuwa yameanza Prague. Mwaka huo huo alifariki babu yake, mkulima aliyewahi kufungwa na utawala wa kikomunisti kwa kugoma kufanya kazi katika shamba lililotaifishwa. Mjukuu alizaliwa mwaka 1972 katika mji wa Kladno, jirani na Prague, mji uliojengwa na migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma.

Mwaka 1990, utawala ule ukiwa umeanguka, Penguins walimchagua akiwa wa tano miongoni mwa vijana wote waliokuwa wakiwaniwa na klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Alikuwa na miaka 18, Kiingereza hakijui, na upweke ulimtesa. Mwezi Desemba klabu ikamleta Jiří Hrdina, mkongwe kutoka kwao, na kijana akapata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya hapo akachanua. Penguins, chini ya nahodha Mario Lemieux, walitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mwaka 1991 na tena 1992.

Uchezaji wake ulikuwa wa nguvu na akili kwa pamoja. Kwa mwili mkubwa na mapaja aliyoyajenga kwa mazoezi tangu utotoni, alimpa beki mgongo, akakinga kile kisahani cheusi cha mpira kwa gongo refu, kisha akageuka ghafla kuelekea golini. Mabeki wawili walimng'ang'ania na bado pasi ikamfikia mwenzake. Msimu wa 1995/96 alifunga magoli 62 na kutoa pasi 87 za magoli. Mara tano aliongoza ligi nzima kwa pointi, yaani magoli na pasi za magoli zikijumlishwa. Mwaka 1998 akawa bingwa wa Olimpiki huko Nagano, ambako Wacheki waliwafunga Warusi 1-0 katika fainali.

Alipoondoka NHL alikuwa na pointi 1,921 katika mechi 1,733. Anayemzidi kwa pointi ni mmoja tu, Wayne Gretzky, mwenye 2,857. Tukumbuke pia kwamba migogoro ya wamiliki na wachezaji ilifupisha misimu miwili ya enzi yake na kufuta kabisa ule wa 2004/05, na kuanzia 2008 alicheza misimu mitatu Omsk, Urusi. Bila mapengo hayo, hesabu yake ingekuwa kubwa zaidi.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko Kladno. Mwaka 2011 alichukua umiliki wa klabu iliyomlea, klabu ambayo fedha zake zilikuwa haba na ambayo ilishuka daraja na kupanda tena. Mwaka 2018, baada ya majeraha kumkatizia msimu katika klabu ya Calgary ya NHL, alirudi kuichezea. Aprili 2019, akiwa na miaka 47, alifunga magoli manne katika mechi moja ya kuwania kupanda ligi kuu. Kladno ilipanda, ikashuka msimu uliofuata, ikapanda tena mwaka 2021, mmiliki wake akiwa bado uwanjani na wachezaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipobeba kombe lake la kwanza.