Kununua Trekta Kuukuu

Katika nchi ya Uingereza wako watu wapendao kununua matrekta ya zamani yaliyotupwa, wakayatengeneza hata yakalima tena. Mojawapo ni Fordson la kwanza, lililofanyizwa Marekani katika kiwanda cha Henry Ford tangu mwaka 1917. Wakati ule Waingereza walikuwa vitani, watu na farasi wa mashambani wamechukuliwa, na chakula kilikuwa haba. Basi serikali yao iliagiza matrekta 6,000. Magurudumu yake ni ya chuma, na breki halina. Huwashwa kwa petroli, na injini ikisha pata moto hupewa mafuta ya taa.

Baadaye yalikuja matrekta bora, na yale ya kwanza yakaachwa mabandani na vichakani.

Mgeni wa kazi hii akiliona trekta la namna hiyo huogopa kutu. Lakini kutu ya juu si neno. Adui ni maji. Injini hupozwa kwa maji yazungukayo ndani ya kuta zake, na huko Ulaya usiku wa baridi kali maji hugeuka barafu. Barafu hutaka nafasi kubwa kuliko maji, hupata kuzidi kwa sehemu moja katika kumi na moja. Mkulima akisahau kuyamwaga, barafu husukuma kuta, na chuma cha kusubu, kisichojua kunyumbuka, hupasuka. Kuziba ufa ule ni kazi ya fundi hodari, na ujira wake huweza kupita bei ya trekta lenyewe.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huja na brashi ya waya, akasugua ubavu wa injini, akitafuta ufa mwembamba kama unywele. Rangi mpya humtia shaka kuliko kutu, maana rangi huficha. Kisha hushika hendeli ya mbele na kujaribu kuizungusha. Ikikataa, yamkini pistoni zimeshikwa na kutu ndani ya silinda. Hapo hatumii nguvu, asije akavunja kitu. Humimina mafuta mepesi katika matundu ya plagi, akayaacha siku nyingi, pengine majuma, ndipo ajaribu tena polepole.

Hata siku ya kuliwasha ina hatari yake. Hendeli huvutwa kwenda juu, na kidole gumba hulazwa upande mmoja na vidole vingine, kwani injini ikirudi kinyume hupiga hendeli kwa nguvu, na mkono ulioikumbatia huvunjika.