Stroberi za Ufaransa na siri ya kungoja msimu

MACHI inapoyoyoma na baridi kuanza kulegea kusini mwa Ufaransa, vikasha vya stroberi huanza kujitokeza kwenye meza za masoko ya mitaani. Mgeni asiyeyazoea mambo ya huko hushangaa kuwaona wenyeji wakiyapita matunda makubwa, mekundu, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kwenda kupiga foleni mbele ya mkulima mwenye stroberi ndogo zisizolingana, tena zenye bei ghali zaidi.

Sababu yake ni ya kimaumbile kabla ya kuwa ya kibiashara. Ndizi hukatwa ingali mbichi, ikavundikwa, ikaiva. Stroberi haina bahati hiyo. Ikishachumwa, haiivi tena. Yaweza kukolea rangi kidogo, lakini utamu wake hauongezeki hata chembe. Mkulima anayeilenga safari ndefu hulazimika basi ama kuichuma kabla haijaiva barabara, ama kupanda aina yenye nyama ngumu inayostahimili mitikisiko ya lori. Ndivyo zilivyo aghalabu zile zinazotangulia sokoni mnamo Februari kutoka mkoa wa Huelva, kusini mwa Uhispania. Kutoka huko hadi Paris ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500.

Wafaransa wana aina zao wanazozitaja kwa majina kama sisi tunavyotaja maembe ya ngowe, boribo na dodo. Inayotangulia ni gariguette, nyembamba, yenye ncha na ukali wa kupendeza, iliyozalishwa na watafiti wa serikali karibu na mji wa Avignon katika miaka ya 1970. Hii ni laini mno. Siku mbili zikipita imeanza kutoa maji. Baadaye huja mara des bois, iliyotolewa mwaka wa 1991 na mzalishaji wa miche Jacques Marionnet wa eneo la Sologne. Hiyo ina harufu ya stroberi za mwituni na huendelea kuzaa hadi baridi ya Oktoba. Kwa hivyo msimu si mmoja, ni misimu inayopokezana.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kila stroberi ya Ufaransa imelala shambani ikiota jua. Nyingi za mwanzo hukuzwa ndani ya vivungulio, mizizi yake ikiwa katika mifuko iliyoinuliwa juu ya ardhi, na baadhi ya vivungulio hivyo hupashwa joto. Anayetaka zilizokua udongoni hana budi kusubiri hadi Mei na Juni.

Tunda lenyewe lina kisa. Stroberi tunayoijua leo haikuwapo duniani miaka 350 iliyopita. Wafaransa walikuwa na zile ndogo za msituni. Mnamo 1714, mhandisi wa kijeshi Amédée-François Frézier, aliyekuwa ametumwa na Mfalme Louis XIV kuzipeleleza ngome za Wahispania huko Chile na Peru, alirejea na miche mitano ya stroberi za Chile iliyonusurika safari ya bahari. Miche hiyo ilistawi lakini ikakataa kuzaa, kwani yote ilikuwa ya kike. Ilianza kuzaa ilipopandwa karibu na stroberi kutoka Amerika Kaskazini, na mseto wa jamii hizo mbili ndio uliotupa tunda la leo. Aliyeifumbua siri hiyo, katika kitabu chake cha 1766, ni Antoine Nicolas Duchesne, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza. Mji wa Plougastel, huko Brittany, ulitajirika kwa zao hilo na mpaka sasa una jumba la makumbusho ya stroberi.

Turudi sokoni. Si kila mwenye meza huko ni mkulima. Wengi ni wachuuzi wanaonunua kwa jumla, mathalan kutoka soko kubwa la Rungis, lililochukua nafasi ya soko la kale la Les Halles la Paris mnamo 1969. Hakuna ubaya katika uchuuzi, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Sheria inataka kila tunda liandikiwe nchi lilikotoka. Ndiyo maana Mkenya anayezuru masoko hayo wakati wa baridi huweza kukutana na mishiri iliyoandikwa jina la nchi yake. Lakini wapo wanaoficha asili ya bidhaa, na wakaguzi wa serikali wamewahi kuwanasa wafanyabiashara walioyabatiza matunda ya kigeni uraia wa Ufaransa ili wayauze ghali.

Anayeumia kwanza ni mkulima mdogo. Stroberi huchumwa kwa mkono, moja moja, na ujira wa wachumaji ndio unaomeza sehemu kubwa ya gharama. Akishindana kwa bei na lori lililosafiri usiku kucha, atashindwa. Mvua ikinyesha siku ya soko, wateja wasije, mavuno ya jana hayana kesho.

Meza yenyewe humfichua mwenyewe. Iliyo na stroberi, ndizi na nanasi ni ya mchuuzi, kwani Ufaransa bara haina mashamba ya ndizi. Mkulima huwa na vitu vichache, vyote vya wakati mmoja, na kibao chenye neno "producteur", yaani mzalishaji. Kuna pia masoko wanakouza wakulima pekee, kama lile la Velleron, karibu na Carpentras, ambalo hufanyika jioni, mazao yakiwa yamechumwa siku hiyo hiyo. Isitoshe, Umoja wa Ulaya hulinda majina ya maeneo: stroberi za Périgord zilipata ulinzi huo mnamo 2004, na za Nîmes mnamo 2013.

Kando ya stroberi za Aprili utakuta asparaga, na jibini bichi la mbuzi. Hilo nalo lina msimu. Mbuzi huzaa baridi inapokwisha, wakala majani machanga, na maziwa yakajaa. Jibini la Banon, la milima ya Provence, hufungwa ndani ya majani ya mti wa chesnati na kukazwa kwa kamba ya rafia. Kiangazi huleta matikiti ya Cavaillon yenye nyama ya rangi ya chungwa, na kitunguu saumu cha waridi cha Lautrec. Majira ya baridi yakifika, ni zamu ya njugu za Grenoble.

Mlaji akishafika nyumbani, wenyeji humshauri asiziweke stroberi kwenye jokofu, kwani baridi huzima harufu. Huoshwa upesi zikiwa bado na vikonyo vyake, la sivyo hunywa maji, kisha hunyunyiziwa sukari kidogo au ndimu. Zile zilizopondeka njiani hazitupwi. Huchanganywa na sukari, zikalala hivyo usiku kucha, na asubuhi zikatiwa sufuriani kuwa jemu.